Saa Ambazo Dashibodi Haihesabu

Anayenunua gari la mkononi Tandika au Tegeta, Dar es Salaam, huanza na vitu viwili: herufi za namba na kilomita. Namba A ni gari kongwe, namba B lina nafuu kidogo, C na D zinauzika haraka, E ni fahari ya mtaa. Lakini herufi hizo hazisemi gari lilitoka kiwandani lini. Zinasema tu lilisajiliwa lini Tanzania. Corolla ya mwaka 1998 iliyoshushwa bandarini 2018 huvaa namba D, sawasawa na Corolla changa kwa miaka kumi na tatu iliyoshuka na meli ileile. Kilomita nazo zina mafundi wao wa kuzirudisha nyuma, na kazi hiyo haichukui muda mrefu. Hata hivyo, tuseme umepata gari ambalo halijachezewa, na dashibodi inasoma laki mbili na nusu za kweli. Bado hujajua limechoka kiasi gani.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulielewe kabla hatujagusa spana. Kwa mji kama wetu, kilomita ni kipimo kibovu cha umri wa gari. Gari la Dar huzeeka kwa saa na kwa joto.

Chukua magari mawili maarufu duniani kwa kutembea. Irv Gordon, mwalimu wa Long Island karibu na New York, alinunua Volvo P1800 mpya mwaka 1966. Mwaka 2013 lilifikisha maili milioni 3, yaani kilomita zipatazo milioni 4.8. La pili ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976, teksi ya Mgiriki Gregorios Sachinidis wa mji wa Thessaloniki. Aliitembeza kilomita milioni 4.6, akiwa na injini alizozibadilisha kwa zamu, na mwaka 2004 gari likaenda kwenye makumbusho ya Mercedes-Benz Ujerumani. Wauza magari hupenda kutaja mifano ya namna hii ili kusifu kiwanda. Mimi naona ishukuriwe barabara pia. Gordon alikuwa na safari ndefu ya kila siku kwenda kazini, barabara kuu, mwendo ule ule, upepo ukipita kwenye rejeta bila kukoma. Tukikadiria wastani wa kilomita 80 kwa saa, Volvo yake iliunguruma saa 60,000 hivi kufikia kilomita hizo.

Sasa mlete dereva wa teksi anayeingia mjini kutoka Mbagala Rangi Tatu kila alfajiri, anayeshinda kwenye foleni za Barabara ya Kilwa na Barabara ya Mandela. Mpe wastani wa kilomita 15 kwa saa, na wanaoijua foleni ya saa kumi na moja jioni watasema nimempendelea. Akifikisha kilomita laki nne, injini yake itakuwa imeunguruma karibu saa 26,700. Kwa mwendo wa Gordon, saa hizo ni zaidi ya kilomita milioni 2. Kwa maneno mengine, hapa Temeke na Kinondoni tunayo magari ambayo injini zake zimefanya kazi ya kustahili kuandikwa, na hakuna aliyeziandika, kwa sababu dashibodi inahesabu magurudumu yanavyozunguka na haihesabu injini ilivyosimama ikiwaka.

Ukilikubali hilo, mengi unayoambiwa gereji yanabadilika. La kwanza ni oili. Kibandiko pale mlangoni kinasema rudi baada ya kilomita 5,000. Kwa gari la kwenda Morogoro na kurudi, hizo ni saa sabini hivi za injini. Kwa gari la foleni ni saa mia tatu na zaidi. Oili ile ile, chupa ile ile, imepikwa mara nne au tano zaidi. Ndiyo maana magari mawili ya aina moja, yaliyofanyiwa sevisi na fundi mmoja kwa kilomita zilezile, moja likifunguliwa kifuniko cha oili linang'aa ndani na jingine lina tope jeusi. Ushauri wangu kwa gari linaloishi kwenye foleni ni kilomita 3,000, na uzito wa oili uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Bado kuna mazoea ya kumimina oili nzito ya SAE 40 kwenye kila injini kwa imani kwamba nchi ya joto inataka oili nzito. Kwa injini za zamani za Hilux na Hiace haikuleta msiba. Lakini injini yenye mfumo wa valvu wa VVT-i, kama ile ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi na baadhi ya Vitz, ina vijia vyembamba ambavyo oili lazima ivipite haraka mara tu gari linapowashwa.

La pili ni maji, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo magari mengi ya Dar yanapofia.

Injini ya Toyota ya kawaida hufanyia kazi yake karibu na nyuzi 90. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100. Nafasi kati ya kazi na msiba ni ndogo hivyo. Ndiyo sababu mfumo wote umefungwa kwa shinikizo, na kinacholinda shinikizo hilo ni kile kifuniko kidogo cha rejeta chenye namba 0.9 au 1.1 juu yake. Kikiwa kizima, maji yaliyochanganywa na kulanti hayachemki mpaka yapite nyuzi 120 hivi. Mpira wake ukikauka, au mwenye gari akipachika kifuniko chochote kinachoingia, nyuzi zote hizo za akiba zinapotea bila dalili yoyote, mpaka siku ya foleni ya Februari, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na watoto wanne kiti cha nyuma.

Halafu kuna kinachomiminwa ndani. Gari linapotoka Japani huwa na kulanti, nyekundu au kijani, ambayo kazi yake kule ni kuzuia maji yasigande wakati wa theluji. Huku hakuna theluji, kwa hiyo ikimwagika mara ya kwanza wengi huona hakuna haja ya kuirudisha. Linaletwa dumu. Na dumu la Mbagala, la Kigamboni, la Mbezi, mara nyingi ni maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu wa pwani ni vya chumvi. Sisi tunayajua maji haya. Tunaona yanavyoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, yanavyotafuna bomba na koki. Mama hawezi kuyapikia chai, lakini tunayamimina kwenye injini ya milioni kadhaa na kufunga kifuniko.

Ndani ya injini kuna chuma, kuna alumini, kuna shaba au risasi kwenye rejeta za zamani. Chumvi na joto vikikutana na mchanganyiko huo, kutu huanza. Silinda hedi, ambayo ni ya alumini, huliwa taratibu pale inapokutana na gasketi. Vijia vya rejeta huziba kwa ukoko mmoja baada ya mwingine. Wota pampu hupoteza mapanga yake. Yote haya huchukua miaka miwili au mitatu, na yanapojitokeza hakuna anayekumbuka lile dumu. Mwenye gari husema, "Gari hizi za siku hizi hazina kitu."

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba zote nitakazotaja katika kitabu hiki. Weka kulanti halisi, iliyochanganywa na maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Ukikwama kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora kuliko ya kisima. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili. Na kila wiki, asubuhi gari likiwa baridi, fungua rejeta yenyewe uone, kwa maana kile kichupa cha pembeni kinaweza kujaa huku rejeta ikiwa nusu.

Mafundi wengi wa mtaani watakuambia habari nyingine. Mazungumzo yanafahamika kuanzia Tandale hadi Yombo:

"Bosi, hii thamostati tuitoe tu. Hali yetu ya hewa haiitaki."

"Haitaleta shida baadaye, fundi?"

"Shida gani, bosi? Itapoa muda wote."

Fundi hadanganyi. Anasema alichofundishwa na aliyemfundisha, na kwa magari ya kabureta ya enzi zile madhara hayakuonekana haraka. Lakini thamostati, ambayo kwenye Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82, haipo kwa ajili ya kuzuia gari lisipoe. Ipo ili injini ifike haraka kwenye joto lake na ibaki hapo. Ukiitoa, gari linalotoka Bunju alfajiri linakwenda mbali likiwa baridi. Kompyuta ya injini inasoma baridi na kuongeza petroli. Petroli isiyoungua inateleza kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inashuka chini na kuizimua ile iliyobaki. Ringi zinalika, ulaji wa mafuta unapanda, na mwenye gari anatafuta mchawi. Mchana, kwenye foleni, pale ambapo aliambiwa gari litapoa, halipoi, kwa kuwa gari lililosimama linapozwa na feni. Kama feni haivuti au rejeta imeziba, maji yataenda mbio bure.

Mwulize fundi kwa nini gari linachemsha kabla hujamruhusu atoe chochote. Kwa uzoefu wa gereji nyingi, majibu ni machache: feni imekufa, rejeta imeziba, kifuniko kimelegea, au gasketi ya silinda hedi imeshaungua na hewa moto inaingia kwenye maji. La mwisho hilo thamostati haihusiki nalo hata kidogo.

Dashibodi nayo haitakusaidia kama unavyodhani. Mshale wa joto kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi, ili dereva asihangaike. Ukianza kupanda, hali imeshakuwa mbaya. Gari ndogo nyingi hazina hata mshale, zina taa nyekundu tu. Na maji yakiisha kabisa, sensa iliyokuwa imezama sasa inaning'inia kwenye mvuke, na inaweza kusoma vibaya kabisa. Ukiona hewa ya kiyoyozi imegeuka ya moto ghafla, au ukasikia harufu tamu ya kulanti, simama hapo hapo. Watu wanaopiga honi nyuma yako hawatakuchangia silinda hedi.

Nasema silinda hedi kwa sababu gharama ya kosa hili imebadilika, na wengi hawajaliona badiliko lenyewe. Injini tulizokulia, 4A na 5A za Corolla na Carina, 3S za Corona na RAV4, 1G za Mark II, 2L na 3L za Hiace, zote zilikuwa na bloku ya chuma kizito. Zikichemka, hedi ilipelekwa kwenye mashine ikasawazishwa. Zikichoka silinda, bloku ilichongwa, zikawekwa pistoni kubwa kidogo, na maisha yakaanza upya. Ovaholi ilikuwa kazi ya heshima. Kwenye injini za familia ya NZ na ZZ, bloku nzima ni alumini, yenye utepe mwembamba wa chuma ndani ya kila silinda, na haukukusudiwa kuchongwa. Kwa hiyo siku hizi fundi hasemi tufanye ovaholi. Anasema twende Gerezani tukatafute injini.

Injini hizo za mtumba zinatoka Japani, nyingine kwa kupitia Dubai, na zinalala sakafuni kwenye maduka ya Kariakoo na Ilala zikiwa zimeoshwa zikang'aa. Usafi huo usikudanganye. Fungua kifuniko cha oili, ingiza kidole. Toa plagi uone rangi zake. Angalia mdomo wa maji: ukiona kutu ya kahawia au ukoko, ujue imeshakunywa maji mabaya popote ilipokuwa, na ukiona mabaki ya kulanti safi, umepata injini ya mtu aliyejali. Pima mgandamizo wa silinda zote ukiweza, na kinachotafutwa ni zote zikaribiane kuliko moja iwe kubwa. Kisha nenda Mamlaka ya Mapato, TRA, ubadilishe namba ya injini kwenye kadi. Gari ambalo kadi yake haifanani na injini yake litakusumbua siku ya kuuza, na litakusumbua zaidi siku polisi wakilisimamisha kwa ukaguzi.

Wajapani wenyewe hawayatupi magari haya kwa sababu yamekufa. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili, ukaguzi wa gharama, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Mwenye gari anapiga hesabu na kuliachia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haijafunga mlango, ila TRA hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu gari likifika miaka 8, na kuupandisha likipita 10. Kwa hiyo magari ambayo majirani hawayapokei yanakuja kwetu, na kazi ya kuyafikisha miaka thelathini inabaki mikononi mwa mafundi wetu.

Mikono hiyo haikuanza jana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri, wala mafuta ya kutosha. Wazee wanakumbuka marufuku ya kuendesha gari Jumapili mchana. Shirika la usafiri la Dar es Salaam, UDA, lililemewa, na mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa, mengi yakiwa makuukuu tangu siku ya kwanza. Hadi mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, fundi asiyeweza kuchonga bushi kutoka kwenye mpira wa tairi hakuwa fundi. Mwanahistoria Mmarekani Joshua Grace ameiandika historia ya gari Tanzania katika kitabu chake African Motors cha 2021, na mafundi wa mitaani wamo ndani kama wavumbuzi, jambo ambalo vitabu vingi vya maendeleo havikuona. Naunga mkono heshima hiyo. Lakini ustadi wa kuliwezesha gari litembee leo bila kipuri ni tofauti na ustadi wa kulifikisha kilomita laki tano. Wa kwanza tunao tele. Wa pili unahitaji kusoma kitabu cha gari, kupima kwa mashine, kuweka kumbukumbu. Vijana wanaopita chuo cha ufundi cha VETA pale Chang'ombe, na mafundi wazee wanaokwenda huko kurasimisha ujuzi walioupata chini ya mwembe, ndio wanaonipa matumaini.

Kuna jambo ambalo fundi hata awe bingwa hawezi kulitengeneza, nalo ni hesabu. Dereva wa daladala au teksi anapeleka hesabu, yaani fedha za siku, kwa tajiri mwenye gari kila jioni. Siku gari likilala gereji hakuna hesabu, au kuna maneno. Kwa hiyo dereva anaahirisha. Mlio wa beringi anausikia Jumatatu, anamkabidhi deiwaka, dereva wa kutwa, Jumatano, na deiwaka hana habari na mlio wowote kwa sababu kesho hayupo. Tajiri anaona gari mara moja kwa wiki, likiwa limeoshwa. Watu watatu wanalishika gari moja na hakuna hata mmoja anayefungua rejeta asubuhi. Magari ya biashara niliyoyaona yakizeeka vizuri Mbagala na Mwananyamala yana kitu kimoja kinachofanana: siku ya sevisi haina hesabu, jambo hilo limesemwa wazi tangu mwanzo, na kuna daftari ndani ya gari linaloonyesha tarehe ya oili, tarehe ya kulanti, tarehe ya taiming belti. Belti hasa. Hilux na Hiace nyingi za dizeli zimewekewa taa ya T-BELT inayowaka kilomita laki moja zikifika. Madereva wengi wanaichomoa balbu. Belti ikikatika kwenye injini hizo, valvu na pistoni hugongana, na safari inaishia hapo.

Siku hizi magari mengi ya kubeba abiria wanaoita kwa simu yanafungwa mitungi ya gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mtwara, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Kwa mfuko wa dereva ni nafuu kubwa. Ila gesi haina ule umajimaji wa petroli unaopoza valvu, na gari lenye rejeta dhaifu litaumbuka mapema zaidi likiwa kwenye gesi. Tengeneza upozaji kwanza, mtungi baadaye.

Masika nayo yana sheria zake. Mafuriko ya 2018 yaliingia kwenye karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani na kuharibu mabasi ambayo yalikuwa yameanza kazi 2016 tu. Maji hayaulizi umri. Gari lako likizimika ndani ya dimbwi, usiliwashe. Maji hayagandamiziki, na pistoni ikiyasukuma kitakachopinda ni konrodi. Lisukumwe, plagi zitolewe, maji yatoke, oili zote zibadilishwe, za injini na za gia boksi.

Mwisho kuna bodi. Injini inaweza kubadilishwa mara tatu, gia boksi mara mbili, lakini chesisi iliyoliwa na hewa ya bahari haina mbadala. Magari ya Kunduchi, Msasani na Kigamboni huoza kuanzia chini: kwenye vizingiti vya milango, kwenye viti vya shokapu, pale mikono ya usukani inapofungwa. Lala chini ya gari na bisibisi, gonga. Ikiingia, mwite fundi wa kuchomelea aone kama chuma kizima kinachobaki kinatosha kushikilia kiraka. Pale shokapu inapofungwa kukiwa kumeoza pande zote, nashauri gari hilo lisibebe tena abiria. Injini itolewe ikiwa bado nzima, iuzwe pamoja na kumbukumbu za daftari lake, na kadi irudishwe TRA ili namba ifutwe.